Njahi za Watu Kumi na Wawili

Siku ile mliyoniaga kustaafu pale jiko la chuo mkanipa blanketi na saa ya ukutani, yule msichana wa mikate, Kanini, alinishika mkono akasema, "Mzee Musyoka, usiende na mambo yote kichwani. Tuandikie." Nilicheka. Mtu aliyeshika mwiko miaka thelathini na zaidi, kalamu ataishika namna gani? Lakini saa mliyonipa inapiga kelele sana, hainiachi nilale mchana, kwa hivyo nimekaa hapa nyumbani kwangu Yatta nimeanza. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo mnavijua, na mshahara mnaujua kunishinda kwa sababu ninyi ndio mnaunung'unikia kila mwezi. Mimi nitaandika habari za sufuria.

Nilianzia Thika, katika hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya Chania, mwanzo wa miaka ya hamsini. Siku ya kwanza nilipewa jivu, mchanga na sufuria ishirini na tatu zenye masizi. Nilizihesabu kwa hasira. Maji ya maporomoko yalikuwa yakinguruma mchana kutwa, na mle jikoni hakuna mtu aliyesema kwa sauti ya kawaida, sote tulipayuka. Mke wangu hulalamika kwamba hata kuomba chumvi naomba kama naita ng'ombe. Namwambia alaumu Chania.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Mombasa, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sijawahi kuiona na doa. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye masizi akanipa kisu. Alinifundisha mambo mengi, lakini mawili nimeyashika mpaka leo. La kwanza: punje haiingii sufuriani kabla haijapita kiganjani. Iwe mchele, iwe maharagwe, mwaga mkononi, tazama, toa mawe na wadudu, ndipo utie. La pili: mpishi ana macho na ana pua, lakini mdomo wake ni wa kuonja chumvi tu. Ukiona bwana mkubwa analia juu ya supu, wewe umeona supu. Haya mawili niliwafundisha ninyi pia. La kwanza bado nalisimamia. La pili ndilo lililonifanya nikakubali kuandika.

Mzee Bakari alikuwa na mchezo wake. Kukitulia, ananiita mbele ya wenzangu. "Musyoka mwanangu, sema 'kura.'"

"Kula."

"Si hiyo ya tumbo. Ile ya kuchagua mtu. Kura!"

"Ndiyo, Mzee. Kula."

Jiko zima linaangua kicheko. Nifanye nini? Sisi Wakamba wa zamani ile herufi ya kutetemesha ulimi hatukuzaliwa nayo. Siku hizi naiandika vizuri, lakini kuisema bado ng'o. Majirani zetu Wakikuyu nao ni kinyume: ile yetu ya l ndiyo inayowashinda, wao husema "chakura" na "kurara". Bakari alikuwa akisema kwamba kati ya Mkamba na Mkikuyu, Kiswahili kinatoka na kilema kila upande. Sote tulicheka, na hakuna aliyejua mchezo ule ungekuja kuwa jambo la kufa na kupona.

Kisha ile Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni ikakaza. Wakikuyu hawakuweza kutoka kijiji kimoja kwenda kingine bila kipande cha kitambulisho na barua, na kwa barabara kulikuwa na vizuizi vya askari. Siku moja ya soko, mama mmoja mrefu alikuja mlango wa nyuma wa hoteli, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akamwuliza Bakari kama ana kijana wa Kikamba anayejua kupika. Alitaka Mkamba kwa sababu Mkamba angeweza kwenda Thika sokoni na kurudi Ruiru bila kuwekwa chini barabarani. Bakari alinisukuma mbele bila kuniuliza. Niliona uchungu, lakini nilikuja kujua alinipenda.

Yule alikuwa Mama Njoki. Mume wake alikuwa diwani, kwa hivyo nasi sote tulimwita Bwana Diwani. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, halafu Bwana Shauri, yaani yule mzungu wa serikali aliyesimamia eneo letu, akamteua akae barazani Thika awasemee Waafrika. Nyumba yao ilikuwa Ruiru, ya mawe na mabati, si mbali na stesheni, mashamba ya kahawa yameizunguka pande mbili. Jiko lilikuwa nje: mafiga matatu, jiko la makaa, na debe lililolazwa ubavu likafanywa tanuri. Mama Njoki alinipa kitunguu akasema, "Kata." Akasimama kunitazama mpaka nikamaliza. Akasema, "Utaniita Mama Njoki. Hilo neno memsahib liache huko huko hotelini." Ndiyo mahojiano yote. Siku hizi naona mnajaza fomu kurasa nne, halafu mtu hajui kukata kitunguu.

Matamshi yake sitayaandika yote hapa kwa heshima, ila neno moja litanibidi, na mtaona kwa nini.

Alikuwa na daftari jeusi lenye jalada la kitambaa cha mafuta. Ndani yake keki ziliandikwa kwa Kiingereza cha misheni, vyakula vya kwao kwa Kikikuyu, na maagizo yangu kwa Kiswahili cha sokoni, kwa sababu Kiswahili hakufundishwa darasani, alikiokota kwa wauza ndizi. Humo ndimo nilimojifunzia tanuri la debe. Halina kipimo cha joto, kipimo ni mkono wako. Unauingiza unahesabu pole pole. Ukishindwa ukifika kumi na mbili, tia skonzi. Ukifika ishirini, tia keki. Ukifika thelathini na mkono bado uko ndani, moto umelala, chochea. Jemu ya mananasi ya Thika ilikuwa sukari nusu ya nanasi, na kipande cha limau na mbegu zake kimefungwa kitambaani. Ninyi mnanunua ya kopo halafu mnashangaa haishiki mkate.

Jumanne walikuja wanawake wa Kizungu, mke wa Bwana Shauri na wamisheni, kunywa chai kwenye vikombe vyenye mstari wa buluu. Jumamosi walikuja wazee wa Kikuyu, kula na kunong'ona. Skonzi zangu za kwanza zilitoka ngumu, ungeweza kujengea ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Njoki alizitazama, akazikata nyembamba, akazirudisha tanurini zikauke kabisa, akazipeleka mezani akiziita biskuti za Ruiru. Mke wa Bwana Shauri akaomba aandikiwe namna ya kuzipika. Hata leo katika daftari lile pameandikwa: "Biskuti za Ruiru. Acha Musyoka aharibu skonzi." Nilimpenda mama yule kuanzia siku hiyo, nasema bila haya.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo nililiona na sikulielewa. Hakuwa akikaa mezani. Awe ni mke wa Bwana Shauri, awe ni mzee wa kanisa, yeye alikuwa akizunguka, akimimina, akiuliza kama chumvi inatosha. Wageni wakiondoka anakuja jikoni, anasimama mlangoni, anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko na kula akiwa amesimama vile vile. Nilidhani anapenda ukoko. Nikawa naunguza kidogo kwa makusudi ili upatikane mwingi.

Bwana Diwani naye alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa na kidonda. Kidonda chenyewe ni lile neno "ameteuliwa". Wazungu walimsifu, na watu wake walimpa mkono nusu nusu. Wengine walisema waziwazi kwamba aliyewekwa na Bwana Shauri ni wa Bwana Shauri. Nilimsikia mara nyingi akimwambia mkewe, "Kama hawanitaki, waseme. Nitarudi kufundisha." Mkewe alikuwa akiendelea kupanga vikombe.

Mwishowe wazee wenyewe walikata shauri. Wazee kumi na wawili kutoka Ruiru na Thika wangekutana nyumbani kwake Jumamosi moja mchana, wapige kura ya siri kama wanamtaka awe msemaji wao au hapana. Jambo dogo, sivyo? Siku zile lilikuwa kubwa kuliko mlima. Mkutano bila kibali ulikuwa hatia, na kibali cha kura hakuna ambaye angepewa. Wangekamatwa, wazee wangeishia kizuizini, na Bwana Diwani, aliyeaminiwa na serikali, angekuwa wa kwanza kufungwa. Mimi sikuambiwa lolote. Niliambiwa kuna wageni kumi na wawili wa chakula.

Mama Njoki aliandika vikaratasi vya mwaliko, na kimoja cha ziada kama kimojawapo kitachafuka. Akaviandika kwa Kiswahili ili askari wa vizuizini, waliotoka makabila mengine, wasome waone ni mambo ya tumbo tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hila yenyewe. Akanipa nivisambaze. Kwenye kizuizi karibu na daraja, askari mmoja alivisoma vyote, akacheka, akabaki na kile cha ziada. Akasema karatasi ni nzuri, atasokotea tumbaku. Nikaenda zangu.

Sasa mjue vikaratasi vile vilisemaje. Vilisema: "Karibu kwetu Jumamosi saa sita, kura." Mama aliandika kama alivyosema. Alitaka kuficha kura kwa neno la chakula, na ulimi wake ukalirudisha lile lile alilokuwa akilificha. Mimi nami nilikisoma na sikuona kosa, kwa sababu kwangu yote mawili yanasikika kula. Sidhani kuna watu wengine duniani ambao wangekosea kosa hilo, isipokuwa Mkikuyu mmoja na Mkamba mmoja wakisaidiana.

Jumamosi ikafika. Nilipika mbuzi, mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, na njahi za ndizi. Njahi mnazijua, zile kunde nyeusi zenye mdomo mweupe, chakula cha heshima kwao. Loweka tangu jana. Mwaga maji ya kwanza. Chemsha saa tatu bila chumvi, kwa maana chumvi ikitangulia ngozi inakaza. Zikipasuka tia ndizi zilizoanza kuiva, ponda pamoja, kaangia kitunguu kwa samli, changanya, ndipo chumvi. Rangi yake haipendezi kuitazama, lakini mtu akianza hawezi kuacha. Nilikuwa nimemaliza kuponda, sufuria iko pembeni ya moto, Bwana Diwani alipotokea mlangoni. Wazee walikuwa wamemtoa nje wapige kura bila yeye, ingawa mimi nilidhani amekuja kuonja.

Akasimama pale anafuta miwani. "Musyoka," akaniuliza, "wewe ungekuwa mmoja wao, ungenitaka?"

"Nikutakie nini, Bwana?"

"Basi tu. Mtu anataka kujua." Akavaa miwani. "Mtu anataka kujua kabla hajafa."

Nikamwambia njahi zimeiva vizuri. Haiya, jibu gani lile! Kila nikikumbuka naona aibu.

Akarudi upande wa uani. Sijageuka, nikasikia gari, Land Rover, linapanda kilima kwa kelele ya gia. Siku zile kelele ile ilikuwa ya serikali tu. Mama Njoki akatoka nyumbani mbio, ameshika kibuyu kidogo, macho yamemtoka. "Musyoka, shika! Haraka! Ni ya kura!" Akanitupia, akarudi ndani kupanga sahani.

Ni ya kula. Ndivyo nilivyosikia. Nikakimwaga kiganjani kama nilivyofundishwa. Punje za njahi mbichi kumi na mbili, nyeusi zinang'aa, na punje moja ya mahindi meupe. Nikajiuliza, hii ni nini? Nikadhani ni mila za Wakikuyu, pengine kila mzee ameleta punje yake kubariki chungu cha mwenyeji. Mawe hamna, wadudu hamna. Nikatia sufuriani nikakoroga. Nikakiosha kibuyu, nikakitundika ukutani.

Mama alirudi baada ya muda mfupi. "Kibuyu kiko wapi?"

"Nimekiosha, Mama."

"Na vilivyokuwa ndani?"

"Nimeshatia kwenye njahi. Si umesema ni vya kula?"

"Ngai!" Akajishika kichwa. Kisha uso wake ukabadilika, sijui niseme alikuwa analia au anacheka. Akaninong'oneza kwenye sikio, maneno machache tu: njahi ilikuwa ndiyo, hindi lilikuwa hapana. Nilikuwa nimeipika kura ya wazee. Akasema, "Pakua. Pakua hivyo hivyo, lete."

Nilipoingia na sinia, Bwana Shauri alikuwa katikati ya chumba, kijana mwekundu wa shingo, na askari wawili mlangoni. Mkononi ana kikaratasi. Kijana yule alikuwa amepasi mtihani wa Kiswahili, na hapo ndipo taabu ilipotoka. Wangemleta mmoja asiyejua kitu tungekuwa salama.

"Hapa pameandikwa kura," alisema. "Kura ni uchaguzi. Kibali kiko wapi?"

Bwana Diwani alikuwa mweupe midomo. Wazee walitazama sakafu. Mama Njoki akasema, "Bwana, ni kura tu. Kura chakura."

"Kura ni kura," akasema Bwana Shauri. "Nimesoma."

Nikasikia sauti inasema, "Bwana, Mama hakukosea ila herufi." Kumbe sauti ni yangu. "Mimi ndiye niliyevipeleka. Wao wakisema hivyo maana yake ni chakula. Hiki hapa."

Akanigeukia. "Wewe. Sema kura."

"Kula."

"Hapana. Kura!"

"Ndiyo, Bwana. Kula."

"Kura! Ya kuchagua!"

"Nimesema, Bwana. Kula."

Halafu mzee mmoja, Mzee Gathogo, mwenye kinu cha kusaga posho, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Bwana Shauri," akasema, "ukingoja hawa wawili wapatane, njahi zitapoa. Kaa ukure." Wazee wote wakacheka, hata askari mlangoni. Bwana Shauri akatazama kikaratasi, akanitazama mimi, akamtazama Mama. Shingo ikazidi wekundu. Askari walikwisha pekua vyumba, hakuna karatasi, hakuna sanduku, hakuna chochote. Ushahidi wote ulikuwa kwenye sinia langu. Akakaa. Mama akampakulia mwenyewe.

Akala vijiko vitatu. Cha nne, tukasikia ko! Akatoa kitu mdomoni, akakiweka kwenye ukingo wa sahani. Lilikuwa lile hindi jeupe. Katika sufuria nzima, serikali ndiyo iliyopata hapana.

"Mpishi wako amesahau kitu kimoja," akamwambia Mama.

"Nitamgombeza, Bwana," Mama akajibu.

Alimaliza sahani, akatuonya, akaondoka. Mimi nilirudi jikoni nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa na hofu ya kukamatwa, nakubali, lakini lililoniuma zaidi ni kupeleka punje mbichi mezani. Bakari angenivua aproni.

Bwana Diwani aliwaomba wazee warudie kura siku hiyo hiyo. Walikataa. Walikuwa wameogopa, na Mzee Gathogo alisema wameshakula pamoja, inatosha. Kwao ilitosha. Kwake haikutosha. Aliendelea barazani miaka kadhaa akiwapigania kweli kweli, shule, maji, vipande vya kutembelea, na kila mara watu wakimpinga anarudi nyumbani na swali lile lile. "Zile kura," alikuwa akisema, "sijui zilisemaje." Walidhani zimepotea na hesabu yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba mpishi huchambua kwanza.

Mimi nilijua. Kumi na mbili kwa moja. Mtanishangaa kwa nini sikumwambia. Kwanza ni ile amri ya Bakari, mdomo ni wa chumvi. Pili ni lile hindi. Ningemwambia, angeuliza huyo mmoja ni nani, na wakati ule swali kama hilo lilikuwa linaua watu. Na nilijiona namjua. Nilijisemea ni Mzee Gathogo, kwa sababu alikuwa haishi kwenda ofisini kwa Bwana Shauri kwa leseni ya kinu chake, na kwa sababu alicheka bila woga. Nikasema ndiye aliyepeleka kikaratasi. Yule askari wa tumbaku wala hakunijia akilini! Miaka yote niliyobaki pale, Mzee Gathogo akija kula nilikuwa nampa shingo na mfupa. Alikuwa akinishukuru.

Uhuru ukaja, mimi nikahamia jiko la chuo ambako ninyi mlinikuta. Bwana Diwani akazeeka, akafa. Nilienda mazishi, nikapika pale, sikusema.

Mwaka juzi ndipo nilipomtembelea Mama Njoki. Siku hizi anakaa upande wa Gatongora katika nyumba ya binti yake, na macho yamepungua nguvu. Alitoa lile daftari jeusi akaniwekea mapajani. "Chukua," akasema. "Njoki anapikia gesi, hataki habari ya debe." Nikalifungua, likafunguka penyewe kwenye ukurasa wa njahi. Juu pameandikwa: njahi za watu kumi na wawili. Sijui ni uzee au ni nini, mdomo ulinifunguka.

"Mama, siku ile nilizichambua."

Akainua uso kunitafuta. "Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Wazee walikuwa kumi na wawili."

"Ndiyo, Mama. Nilidhani sikuhesabu vizuri. Nyeusi kumi na mbili. Hindi moja."

Basi akaanza kulia, yule mama ambaye sikuwahi kumwona akilia hata mazishini. "Wote," akasema. "Wote kumi na wawili. Hata Gathogo. Na yeye amekufa akiuliza!" Nikatamani kumeza ulimi wangu, si kwa kuwa nimesema, kwa kuwa nimechelewa. Angefurahi namna gani, Bwana yule. Neno moja tu pale mlangoni pa jiko, jioni yoyote, angelala usingizi. Nilikuwa nalo neno hilo nikamnyima miaka yote, nikidhani ninafanya kazi vizuri.

"Na hindi, Mama?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Langu." Akajifuta kwa leso. "Nilipokitoa kibuyu chumbani kuwapelekea wazee, nikapita kwenye gunia la mahindi. Hakuna aliyeniona. Nilitaka arudi kufundisha, Musyoka. Nilitaka arudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka. Wazungu Jumanne, wazee Jumamosi, nimimine, nipakue, nicheke. Na katika watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, Mama Njoki, nawe unataka kura?"

Sikumwuliza ni ipi. Nilikumbuka ule ukoko, mimi nikiuunguza nikidhani anaupenda, nikaona aibu iliyoniingia mpaka mifupani.

Nikainuka nikaenda jikoni kwa binti yake. Njahi zilikuwepo zimechemshwa, ndizi zilikuwepo. Nikaziponda kwa mwiko, nikakaanga kitunguu, nikatandika kitambaa mezani, nikaweka sahani moja na kiti kimoja. Nikamshika mkono nikamleta mpaka mezani. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti kwa mazoea, ameshika egemeo lake.

Nikamwuliza, "Mama, unataka kula?" Na mnajua kwa ulimi wangu maneno hayo mawili ni moja.

Akavuta kiti, akakaa. "Nataka," akasema. "Pakua."